Kupiga picha za nyota Kwale: Usiku wa giza ndio usiku wa bamvua

ANAYETAKA kupiga picha za anga ya usiku nchini Kenya kwa kawaida hufikiria jangwa la Chalbi, Marsabit, ambako hewa ni kavu na taa ni chache. Hata hivyo, Pwani ya Kusini katika Kaunti ya Kwale ina neema yake, mradi mpigaji picha azingatie mambo mawili: mwezi na maji.

Kwale iko takribani nyuzi 4 kusini mwa Ikweta. Kwa sababu hiyo, karibu nyota zote za kaskazini na za kusini huonekana hapa kwa nyakati tofauti za mwaka. Mwezi Januari na Februari, upepo wa kaskazi unapovuma, Kilimia huwa juu mapema usiku. Kundi hilo la nyota limepata jina lake kutokana na kilimo, kwani wakulima walilitumia kutambua majira. Kuanzia Juni hadi Septemba, kitovu cha Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota unaofanana na wingu, huonekana usiku upande wa kusini.

Picha bora hupatikana siku chache kabla na baada ya mwezi kuandama, kuanzia saa mbili usiku. Hapo ndipo penye hatari. Siku hizo za giza ndizo za bamvua, ambapo tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Bahari hupwa sana mnamo saa nne usiku, na vidimbwi vya mwambani huakisi nyota kwa namna ya kuvutia. Lakini maji hurejea na kujaa karibu saa kumi alfajiri. Anayeshuka mwambani sharti asome kwanza jedwali la maji, asiende peke yake, na arudi ufuoni maji yanapoanza kujaa.

Kamera iwekwe juu ya stendi imara ya miguu mitatu. Kwa lenzi pana ya milimita 24, tundu lifunguliwe hadi f/2.8, ISO iwe kati ya 1600 na 3200, na mwanga uingie kwa sekunde zisizozidi 20. Ukizidisha muda, nyota huwa mistari kwa kuwa dunia inazunguka. Kulenga kufanywe kwa mkono, kwa kuikuza nyota yenye kung'aa kwenye kioo cha kamera.

Tofauti na jangwani, adui mkubwa hapa ni unyevu. Lenzi iliyotoka katika chumba chenye kiyoyozi hufunikwa na ukungu mara moja. Iache ndani ya mfuko kwa nusu saa ili ipate joto. Baada ya kazi, futa chumvi kwenye kamera na stendi kwa kitambaa kilicholowa kidogo maji baridi yasiyo ya chumvi.

Taa za hoteli za Diani hufifisha nyota. Giza huzidi kuelekea kusini, Msambweni, Gazi na Shimoni. Mibuyu na Msikiti wa kale wa Kongo, mdomoni mwa mto Mwachema, hupendeza mbele ya nyota, ila ombeni idhini ya wahusika. Vivyo hivyo Kaya Kinondo, msitu mtakatifu ulioingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2008, si mahali pa kuingia bila ruhusa ya wazee.

Giza hilo lina mwenyewe mwingine. Kasa hutaga mayai katika fuo hizi, na vitoto vyao hufuata upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa asili ni bahari. Taa ya nchi kavu huvipoteza, vikafa. Kwa hiyo tumia tochi ya mwanga mwekundu hafifu, usimulike kwa flashi, na ukimwona kasa akipanda ufuoni, zima taa na umwachie njia.