Kwao ni Wapi?

Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Je, aliyezaliwa ugenini kwao ni wapi?

Swali hilo liliutikisa mchezo wa raga ya wachezaji 13 mwaka 2017. Kanuni zake humruhusu mtu kuichezea nchi alikozaliwa, ya wazazi wake, au ya babu na bibi zake. Kwa miaka mingi vijana hodari wenye asili ya visiwa vya Pasifiki walivaa jezi za Australia na New Zealand, kwenye fedha na sifa.

Jason Taumalolo, mzaliwa wa Auckland mwenye wazazi Watonga, alikuwa mmoja wao. Kombe la Dunia lilipokaribia, aliiacha New Zealand akajiunga na Tonga, nchi ya watu laki moja hivi. Alilaumiwa sana. Tarehe 11 Novemba, mjini Hamilton, Tonga iliilaza New Zealand 28 kwa 22.

Wapo wanaosema bendera imegeuzwa nguo ya kuazima. Hoja hiyo ina uzito. Lakini wakubwa walipokuwa wakiazima, mbona ilikuwa kimya?