Deni Letu kwa Wasichana wa Bagamoyo na Pugu

Wasomaji wetu wakaao Buguruni waijua sana njia ya Pugu. Kila siku magari hupita hapo, yakitoka mjini na sokoni Kariakoo, yakaelekea vilima vile vilivyo mbali na bandari kwa mwendo wa kilomita 20 hivi. Huko Pugu Wakristo wa Jimbo Kuu la Dar es Salaam huenda kuhiji, nasi tumekwenda mara nyingi, tukasali, tukarudi. Lakini tukiulizwa, "Masista wa kwanza wa Pugu walikuja kufanya nini?" wengi wetu hutaja vifo tu, kana kwamba nyumba ile ilijengwa ili watu wafe ndani yake. Sivyo. Ilijengwa kwa ajili ya watoto waliotolewa utumwani, wasichana pamoja na wavulana.

Ili tuielewe nyumba hiyo yatupasa kuanza Bagamoyo, maana ndiko ilikotoka njia yenyewe. Mwaka 1860 Padre Fava alifika Unguja kutoka kisiwa cha Réunion, akiwa na mapadre na masista wa Shirika la Mabinti wa Maria. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1849, mara baada ya utumwa kukomeshwa kisiwani humo, na katika wanashirika wake wa mwanzo walikuwamo wanawake waliokuwa watumwa wenyewe. Walivaa vazi moja na wenzao waliozaliwa huru, wakala meza moja, jambo lililowachukiza sana wenye mashamba. Basi, mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misioni Bagamoyo mwaka 1868, wasichana waliokombolewa walitiwa mikononi mwa masista hao. Twaona hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko majengo yote.

Wasichana walifundishwa dini, kusoma, kushona, kufua, kupika na kulima. Hatutaki kuipamba habari hii. Kazi ilikuwa nyingi, kengele iliamuru kila saa, na msichana alipokua aliozwa kijana wa misioni, wakapewa nyumba na shamba katika kijiji cha Wakristo. Sijui kama shauri lake lilitakwa kila mara, twasema hivyo kwa kuwa sisi nasi tuna binti zetu. Mwezi wa Aprili 1872 tufani kuu ilibomoa majengo ya misioni karibu yote. Waliyajenga tena, na mikono ya watoto ilikuwamo katika kazi hiyo.

Ikaja shida ya mwaka 1888. Mwezi wa Agosti Kampuni ya Kidachi ilitwaa utawala wa pwani, ikapandisha bendera yake na kushika forodha. Watu wa pwani walikasirika, nao walikuwa na sababu. Abushiri bin Salim akawaongoza kupigana. Bagamoyo ikawa mahali pa vita, wenyeji wakakimbia, na maelfu wakaingia katika kiwanja cha misioni, Waislamu na wasio Waislamu, kwa kuwa mapadre walikuwa wamekaa miaka 20 na watu wa pande zote, na Abushiri mwenyewe aliwaheshimu. Maelfu hao walihitaji chakula na maji kila siku. Vitabu vyamsifu Padre Etienne Baur, mkuu wa misioni, na astahili sifa. Lakini mwenye kujua maisha ya misioni ajua vilevile ni nani waliozoea kutwanga, kuchota maji na kupika katika nyumba ile.

Huko Pugu mambo yalikuwa mengine. Wamisionari Wabenediktini walifika Dar es Salaam mwanzoni mwa mwaka 1888: Padre Bonifatius Fleschutz, mabruda na masista. Walikuwa wageni, hawakupata nafasi ya kujulikana, tena walikuwa Wadachi, taifa moja na Kampuni iliyochukiwa. Walikuwa wameanza tu kuwakusanya watoto, na tarehe 13 Januari 1889 misioni ikashambuliwa. Bruda Petrus Michl, Bruda Benedikt Kantwerk na Sista Martha Wansing wakauawa. Sista Benedicta Sievers na baadhi ya mabruda wakachukuliwa mateka mpaka kwa Abushiri. Watoto nao walipatwa na shambulio lile lile, hao ambao waliwahi kutekwa mara moja kabla ya siku ile.

Waliowasaidia mateka ni watu wa Bagamoyo. Padre Baur alisema na Abushiri, fedha ikatolewa, na mateka wakafunguliwa. Tazama jinsi mambo yalivyogeuka: misioni iliyozoea kukomboa wasichana Waafrika sasa yamkomboa sista wa Ulaya, kwa fedha vilevile, kutoka mikono ya watu wa pwani ile ile.

Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Wabenediktini walijenga tena, safari hii mjini Dar es Salaam, na kanisa la Mtakatifu Yosefu, lililoanzwa mwaka 1897, bado latazama bandari. Vita Kuu ilipokuja Waingereza waliutwaa mji mwaka 1916, na wamisionari Wadachi wakaondolewa nchini. Mwaka 1921 wakaja Wakapuchini kutoka Uswisi pamoja na Masista wa Baldegg, wakaendeleza kazi.

Kwa hiyo, tukiwataja Martha na Benedicta, twataka kuwataja pia wale ambao hutajwa kwa neno moja tu, "watoto". Wengi wa wale wa Bagamoyo walikua wakawa mama katika vijiji vya kwanza vya Wakristo wa bara hii, na sala ambazo bibi zetu walifundisha wajukuu jikoni zilipita katika vinywa vyao. Safari ijayo ya hija, gari litakapopita Buguruni, tutawasalia na hao.