Kesi Ya Kazi Inaweza Kufa Kabla Isikizwe

Kuna kitu wasee wengi hawajui kuhusu kesi za kazi hapa Kenya. Unaweza kuwa na ukweli wote na bado upoteze, na hakuna jaji amesema ulikosea. Umechelewa tu. Ama karatasi moja imekosa.

Hii story ni ya kitambo. Mahakama ya Viwanda ilianza 1964, na enzi hizo hungeingia tu pale peke yako na malalamiko. Kwa kawaida mzozo ulipitia chama cha wafanyakazi, ukaripotiwa kwa Waziri, ndio ufike kortini. Uamuzi ukitoka, huo ndio mwisho. Sheria za 2007 zikafungua mlango: mfanyakazi akaweza kushtaki mwenyewe, na hata kwenda Mahakama ya Rufaa.

Lakini mlango ulikuwa na bawabu. Ilani ya rufaa, siku 14. Rekodi ya rufaa, siku 60 baada ya ilani. Na zamani hati moja ya lazima ikikosa kwenye hiyo rekodi, rufaa nzima inatupwa. Hata wakubwa walionja. Kesi ya Kenneth Matiba kupinga ushindi wa Moi wa 1992 ilitupwa kwa sababu mkewe ndiye alisaini, na Matiba mwenyewe alikuwa amepata kiharusi akiwa kizuizini. Sasa fikiria mlinzi wa usiku ambaye hana hata nauli ya kufika kwa wakili.

Katiba ya 2010 ikaja na kifungu cha 159: haki itolewe bila kung'ang'ania sana ufundi wa utaratibu. Watu wakashangilia. Lakini majaji wamerudia mara nyingi kwamba kifungu hicho si dawa ya kila kosa, hasa la muda. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa miaka 3 tu. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa iliamua kesi ya wafanyakazi waliofutwa, wakashtakiwa kwa jinai, wakaachiliwa. Walikuwa wamengoja jinai iishe ndio wadai haki yao. Korti ikasema saa ilianza kuhesabu siku ya barua ya kufutwa. Too late.

Naelewa, mwajiri hawezi kuishi na kesi juu ya kichwa milele. Lakini tuseme ukweli: tarehe ya mwisho haiumizi watu sawa. Kampuni ina wakili kwa simu. Wewe uko busy na landlord, na ofisi inakuambia "tunashughulikia, ngoja kidogo." Hiyo ngoja kidogo haisimamishi saa.

Mlango ambao ufunguo wake ni kalenda unafaa kufundishwa shuleni, si kugunduliwa siku umefungwa. Kwa sasa, ukipewa ile barua, kabla ulie, piga picha ya tarehe.