Daftari, kebo na jino namba 16

Haya wapenzi wa teknolojia, leo tuziache kidogo habari za simu mpya, tuongee meno.

Mtu akitajiwa teknolojia ya meno, mawazo yake huenda moja kwa moja kwenye ile mashine inayolia mdomoni. Lakini kila kliniki ina kazi mbili. Ipo kazi ya kitini: ganzi, kuziba, kung'oa. Na ipo kazi ya mezani: nani anakuja lini, faili lake liko wapi, amelipa nini, bima itakubali? Kazi ya kitini bado inataka mkono wa daktari. Ile ya mezani ndiyo iliyosafiri, na leo imefika mbali mno. Tuifuate njia yake, tukisimama hapa kwetu Kisauni.

ENZI YA DAFTARI

Wazee wa Kisauni wanalikumbuka daraja la kuelea lililojengwa mwaka 1931, kabla ya hili la Nyali la sasa kufunguliwa mwaka 1980. Jino likiuma sana, safari ilikuwa ni kuvuka kwenda kisiwani. Madaktari wa meno wenyewe walikuwa wachache. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kuwafundisha mwaka 1974.

Kumbukumbu zilikuwa kadi na daftari. Kadi ikipotea, historia ya mdomo wako imepotea nayo. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Kung'oa jino ni ziara moja, umemaliza. Kuliokoa jino mara nyingi ni ziara mbili tatu, na kila ziara inataka mtu ajue ya kwanza ilifanya nini. Pasipo kumbukumbu wala njia ya kumkumbusha mgonjwa, koleo hushinda.

KOMPYUTA YAINGIA

Mwaka 1987 kampuni ya Trophy ya Ufaransa ilitoa mtambo wa kwanza wa eksirei ya meno isiyotumia filamu, uliobuniwa na Francis Mouyen. Picha sasa ilitokea kwenye skrini. Mwaka 1993 kikaja kiwango cha DICOM, yaani makubaliano ya jinsi mashine za kampuni tofauti zitakavyobadilishana picha za kitabibu. Na mwaka 2003, kule Marekani, ikatolewa Open Dental, programu ya kuendesha kliniki ya meno iliyokuja na leseni ya GPL. Sisi wapenzi wa programu huria tulikuwa na haki ya kufurahi: msimbo wazi, hifadhidata ya MySQL, miadi na ramani ya meno mahali pamoja.

Kenya nayo haikulala. Kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kutumia mfumo wa kompyuta kutunza rekodi za wagonjwa mwaka 2001. Kazi iliyoanzia huko ilichangia kuzaliwa kwa OpenMRS mwaka 2004, mfumo huria ambao umeenea nchi nyingi na ndio msingi wa KenyaEMR. Lakini msukumo mkubwa ulikuwa kuwafuatilia wagonjwa wa UKIMWI. Meno yaliambiwa yasubiri.

"MAMBO?"

Kilichoibadili meza ya kliniki za mtaani hakikuwa kompyuta bali simu ya mkononi. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na malipo yakaanza kuacha alama: nani, kiasi gani, saa ngapi.

Miaka hiyohiyo, 2007 na 2008, watafiti walifanya jaribio katika kliniki tatu za Kenya. Wagonjwa 538 walioanza dawa za kupunguza makali ya UKIMWI waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilitumiwa SMS kila wiki yenye neno moja tu: "Mambo?" Mgonjwa alijibu "Sawa" au "Shida". Akijibu shida, au akinyamaza, muuguzi alimpigia. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2010: waliosema wanameza dawa zao ipasavyo walikuwa asilimia 62 kwa waliopata SMS, na asilimia 50 kwa wasiopata.

Angalia kilichotokea hapo. Muuguzi hakuhitaji kukaa chumba kimoja na mgonjwa. Neno moja la Kiswahili, simu ya bei rahisi, na mtu wa kujibu. Msomaji wangu mwandishi wa programu, hilo ni somo la bure.

KEBO YA 2009

Kabla ya 2009 intaneti yetu ilipitia satelaiti, zile zinazokaa umbali wa kilomita 36,000 juu ya ikweta. Sauti ipande, ishuke, jibu lipande tena, lishuke: karibu nusu sekunde imekwenda. Kwa barua pepe hakuna neno. Kwa mapokezi ya simu ni balaa, watu wanakatizana kila sentensi.

Mwaka 2009 kebo za TEAMS na SEACOM zilitia nanga Mombasa. Taa ikaanza kusafiri chini ya bahari. Sasa mtu wa Mtopanga aliweza kuongea na mtu wa ng'ambo bila kumkatiza. Ndipo meza ya mapokezi ilipopata uwezo wa kuhama kabisa.

Iliyoisukuma ihame ni korona. Tarehe 16 Machi 2020 chama cha madaktari wa meno cha Marekani kiliwashauri wanachama wake kuahirisha matibabu yasiyo ya dharura. Kliniki zilipofunguka tena, nyingi zilihangaika kupata watu wa mapokezi na wa bima. Programu zao zilikuwa zimeanza kuhamia mtandaoni, basi ikaonekana mfanyakazi naye anaweza kukaa popote: Ufilipino, India, na Kenya.

Kazi yenyewe ni hii: kuthibitisha bima ya mgonjwa, kupanga miadi, kufuatilia madai yaliyokataliwa. Saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi au saa kumi na moja jioni hapa, kutegemea majira yao. Ya California inaangukia saa moja au saa mbili usiku. Watu wakitoka kuswali Isha, kijana anavaa vipokea sauti na kuanza kazi, akiomba Mungu umeme usikatike kama nchi nzima ilivyoingia gizani Agosti 2023, wala kebo isikatike kama SEACOM na EASSy zilivyokatika Mei 2024.

JINO NAMBA 16

Sasa tuje kwenye hatari yenyewe. Muulize daktari wa Kenya jino namba 16 ni lipi. Kwa hesabu ya FDI, inayotumika sehemu kubwa ya dunia, ni gego la kwanza, juu kulia. Muulize wa Marekani. Wao huhesabu meno 1 mpaka 32 mfululizo, na 16 yao ni gego la mwisho, juu kushoto. Namba moja, meno mawili, pande mbili za mdomo!

Mfanyakazi wa mbali anayehamisha rekodi asipojua tofauti hii, kompyuta haitamshtua. 16 ni namba halali kote kuwili. Ndiyo maana hifadhidata nzuri haihifadhi namba tupu, huhifadhi pamoja nayo mfumo wa kuhesabu. Wenye kazi ya kuunda programu, tafadhalini.

Pili ni siri. Marekani ina sheria ya HIPAA tangu 1996. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayozihesabu data za afya kuwa nyeti, na Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023. Skrini yenye rekodi za mgonjwa haifai kufunguliwa saiba, wala neno la siri halishirikiwi kwa WhatsApp.

Na la tatu ndilo linalonikera. Kijana wa Kisauni anajua kwa moyo kwamba D7140 ni kung'oa jino na D1110 ni kusafisha. Usiku anamkumbusha mtu wa Ohio miadi yake ya usafi wa meno. Jirani yake pale Mlaleo aliyezibwa jino kwa muda hajapata hata SMS moja ya kumrudisha, na akirudi atakuwa amekuja kung'olewa.

Ujuzi upo, tena umelala nyumba ya pili. Kliniki tatu nne za mtaa zikichanga, zinaweza kumlipa mtu mmoja saa za asubuhi awatunzie miadi, kwa programu huria na SMS. Haitaki kebo mpya. Inataka mtu wa kuuliza "Mambo?" na wa kupiga simu jibu likiwa "Shida".