Historia ya "Sampu Kavu" na Haja ya Istilahi Ifaayo

Katika kazi ya kusanifu istilahi za ufundi wa magari, yako majina yanayotafsirika upesi kiasi cha kumlaghai mfasiri. Mojawapo ni jina la mfumo wa kulainisha injini unaotumika katika magari ya michezo yaendeshwayo kwa kasi kwenye viwanja vya mashindano. Waingereza huuita kwa maneno mawili: la kwanza lina maana ya "kavu", na la pili ni bakuli la oili lililo chini ya injini, ambalo mafundi wetu wamekwisha kulitohoa kuwa sampu. Mfasiri huandika "sampu kavu", akapita. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba haraka hiyo yaweza kumgharimu mtu injini.

Yafaa kwanza tueleze kwa nini tumesema oili, wala hatukusema mafuta. Neno mafuta katika Kiswahili limebeba mzigo mkubwa: ya kupikia, ya kujipaka, ya taa, ya petroli, na hayo ya kulainishia. Mafundi wa gereji, bila kungoja kamati yoyote, walilikopa neno oili ili mteja akiambiwa "weka mafuta" asimwage petroli mahali pasipo pake. Kilainishi nalo ni neno zuri, ila linakusanya hata grisi. Na tukumbuke kwamba oili za mashindano hazikuanza na madini ya ardhini peke yake. Injini za ndege za Vita Kuu ya Kwanza, zile ambazo silinda zake zilizunguka pamoja na rafadha, zililainishwa kwa mafuta ya mbarika, yaani nyonyo, mmea uotao wenyewe kando ya njia zetu. Jina la Castrol, lililoanza kutumika mwaka 1909, limetokana na jina la Kiingereza la mafuta hayo hayo. Oili katika ndege zile haikurudi. Ilipita injinini mara moja, ikatupwa nje pamoja na moshi.

Gari la kawaida halina anasa hiyo. Oili yake hudondoka hadi kwenye sampu, pampu huifyonza kwa mrija wenye chujio, ikaisukuma tena hadi kwenye beringi za krenkishafti. Ndani ya beringi hizo chuma hakigusi chuma. Kinachovitenganisha ni utando wa oili, mwembamba kuliko unywele, na utando huo hudumu maadamu oili inafika bila kukatika.

Aliyewahi kusafiri na ndoo ya maji ndani ya basi anajua linalofuata. Gari likiingia konani, oili hukimbilia upande wa nje. Nguvu ya upande ikilingana na uzito wa gari, uso wa oili huinama kwa pembe ya nyuzi 45. Barabarani dereva mwenye akili hafiki huko. Kiwanjani, kwa magurudumu laini ya mashindano, hufika huko na kupita, tena katika kila mzunguko. Mdomo wa mrija huachwa mtupu, pampu hunyonya hewa, na utando ule hukatika. Sekunde chache zatosha kuchoma beringi.

Dawa iliyotumiwa na watengenezaji wa magari ya mashindano, baada ya kuzoeleka katika injini za ndege, ni kuiondoa oili chini ya injini kabisa. Pampu za ziada huikomba mara inapodondoka na kuipeleka katika tangi la pekee, refu na jembamba, ambamo haina nafasi ya kuyumba; pampu nyingine huitoa humo hadi kwenye beringi. Iko faida ya pili: sampu isiyoweka akiba ya oili yaweza kuwa na kina kidogo sana, na injini ikashuka chini. Gari la Mercedes-Benz 300 SL la mwaka 1954 lilijengwa hivyo. Injini yake ililazwa ubavu na boneti ikawa chini.

Hapa ndipo jina linapoanza kusumbua. Gari hilo lina oili nyingi kuliko wenzake. Kilicho kikavu ni sampu tu, na hata hiyo haikauki. Tuchukue mfano wa Porsche 911, ambayo tangu ilipoanza kuundwa kwa ajili ya kuuzwa mwaka 1964 hadi mwisho wa injini zake zilizopozwa kwa hewa mwaka 1998 ilitumia tangi la pekee. Magari ya aina hiyo si mageni kwetu: Björn Waldegård alishika nafasi ya pili kwa 911 katika Safari Rally ya mwaka 1974, na Vic Preston mdogo akafanya vivyo hivyo mwaka 1978. Oili ya gari hili hupimwa injini ikiwa ya moto na inanguruma polepole mahali pa tambarare. Injini ikilala usiku, sehemu ya oili huteremka kutoka tangini. Mwanagenzi akichomoa kijiti cha kupimia asubuhi, hukikuta kikavu. Kama amefundishwa kwamba mfumo huu ni wa "ukavu", huenda akaridhika hata pale oili inapokuwa imepungua kweli. Kama hakufundishwa lolote, hujaza hadi alama ya juu, na injini ipatapo moto oili ya ziada huingia katika njia ya hewa na kutoa moshi mzito. Makosa yote mawili yana mzizi mmoja: jina limemwambia habari za sampu, halikumwambia kwamba kuna tangi.

Wajerumani wenyewe walipata somo lao. Magari ya 911 ya mwaka 1972 yalipewa mlango wa kujazia oili kwenye bodi, upande wa kulia nyuma ya mlango wa abiria. Mwaka uliofuata uliondolewa. Inasimuliwa kwamba wahudumu wa vituo vya petroli waliufungua na kumimina petroli. Fundi wetu aliyetenga oili na mafuta asingeshangaa.

Lakini utata mkubwa zaidi ulikuja na injini mpya za kampuni hiyo zilizopozwa kwa maji, zilizoanza na Boxster ya mwaka 1996 na kuingia katika 911 mwaka 1997. Tangi la pekee halikuwapo tena. Oili iliwekwa chini ya injini, ingawa pampu ndogo ziliirudisha kutoka kwenye vichwa vya silinda. Hata hivyo mfumo huo ulitangazwa kwa jina la "sampu kavu iliyounganishwa". Hatusemi kwamba ulikuwa mbovu kwa matumizi ya barabara. Twasema kwamba mtu aliyelisoma jina hilo, akafunga magurudumu ya mashindano na kwenda kiwanjani, aliamini ana kinga ambayo hakuwa nayo kwa ukamilifu. Kampuni yenyewe, ilipotoa 911 GT3 mwaka 1999 kwa wapenda viwanja, ilitumia injini ya ukoo mwingine, yenye tangi lake la nje.

Wenye magari yasiyo na tangi wamebuni njia za kujihami, na zote zadai majina. Wengine huongeza kina cha sampu na kuigawa kwa kuta zenye vilango vifungukavyo upande mmoja tu, oili iweze kuingia palipo na mrija isiweze kutoka. Tunapendekeza ziitwe vigawa sampu. Wengine hufunga silinda yenye pistoni, oili ya lita mbili au tatu upande mmoja na hewa iliyoshindiliwa upande wa pili. Shinikizo la injini likishuka konani, hewa huisukuma oili hadi kwenye beringi. Hiyo na iitwe silinda ya akiba. Rejeta ya oili haina mgogoro, kwani mafundi wamekwisha kuizoea. Wala tangi peke yake halimalizi mambo: Corvette Z06 ilitoka mwaka 2006 ikiwa na mfumo wa tangi wa lita 7.6, na mwaka 2009 ukaongezwa hadi karibu lita 10.

Kwa mfumo wenyewe tunapendekeza "oili ya tangi", na kinyume chake "oili ya sampu". Maneno haya hayasifu wala hayatangazi. Yanajibu swali moja tu, oili inakaa wapi, na kwa jibu hilo fundi hujua apime wapi na lini. Injini zile za mwaka 1997, kwa kipimo hiki, ni za oili ya sampu.

Zimebaki pampu. Ile ipelekayo oili kwenye beringi yatosha kuitwa pampu ya kusukuma. Ile ya chini wengine wameiita ya kufyonza, lakini kila pampu hufyonza. Sisi twachagua pampu ya kukomba. Mtu hukomba kilichosalia chunguni, na pampu hii hukomba oili pamoja na hewa na povu, ndiyo sababu uwezo wake hufanywa mkubwa kuliko wa pampu ya kusukuma.