Mnyama Aliye Ndani ya Wimbo wa Taifa

Wakenya wengi hujifunza wimbo wa taifa wakiwa wamesimama wima kwenye paredi, jua likiwachoma utosi. Kwetu Hewani, ukingoni mwa Mto Tana, unaweza kuujua muziki wake ukiwa umefungwa kwa leso mgongoni mwa mtu.

Muziki ule ulitokana na bembelezi la Wapokomo. Na maneno yake si ya upole vile. Mama anamwita mnyama aje amle mtoto kwa sababu mtoto hanyamazi. Mgeni akitafsiriwa hushtuka. Lakini fikiria mahali penyewe: mto una mamba na viboko, msitu uko nyuma ya nyumba, na usiku sauti ya mtoto husikika mbali. Mtoto kunyamaza ni jambo la usalama.

Nyanya yangu hakuwa akiimba tu. Alikuwa anaigiza. Kwanza alikuwa mama aliyechoka, halafu sauti ikishuka akawa mnyama mwenyewe anayekaribia, halafu mama tena, anamfukuza. Watu wawili, mwili mmoja, mtazamaji mmoja asiyejua hata kuongea. Mimi ni mwigizaji wa jukwaani sasa, na ukiniuliza nilianzia wapi, sitakutajia shule wala ukumbi.

Vitabuni hadithi huanzia kwingine. Mwaka 1957 ndipo zilipochapishwa tamthilia za kwanza kwanza za Kiswahili nchini Kenya. Nakupenda Lakini ya Henry Kuria, aliyekuwa mwanafunzi wa Alliance High School, ni mojawapo. Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu ni za Mwingereza Graham Hyslop, afisa wa muziki na maigizo wa serikali ya kikoloni. Miaka miwili baadaye, 1959, tamasha la maigizo la shule likaanza, na mpaka leo waigizaji wengi wa Kenya hupitia mlango huo.

Sasa shika jina hilo la Hyslop, kwa sababu linarudi. Mwaka 1963, uhuru ukikaribia, kamati ya watu watano ilipewa kazi ya kuandaa wimbo wa taifa: Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Wakauchukua muziki wa bembelezi la Tana, wakaupangia sauti, wakautilia maneno mapya. Mtu yuleyule aliyewaandikia Waafrika michezo ya kuigiza akawa mmoja wa waliomwondoa mnyama ndani ya mchezo wa mama zetu, wakamwomba Mungu badala yake.

Sisemi ni wizi, na wimbo wenyewe ni mtamu, hilo sibishi. Mzee Meza Morowa Galana, Mpokomo anayetajwa kuwa ndiye aliyewapa muziki huo, alikumbukwa na magazeti kila sikukuu ikikaribia mpaka alipofariki mwaka 2015. Lakini bembelezi halitungwi na mtu mmoja. Wanawake walioliimba usiku baada ya usiku, kila mmoja akimpa mnyama mngurumo wake, hakuna aliyewauliza majina. Kwa macho yangu, hapo ndipo historia ya uigizaji wetu ilipokatwa kichwa: tulihifadhi muziki, tukamtupa mwigizaji.

Mimi nilicheza nilivyopewa. Tamasha la shule lilinifanya askari, kisha babu mwenye kikohozi, kisha askari tena. (Kwani kila kijana mrefu lazima awe askari?) Baadaye nikajiunga na kundi linalozunguka shule kwa shule kuigiza vitabu vya kutahiniwa. Katika Kigogo ya Pauline Kea nilikuwa Majoka asubuhi na, mwenzangu akiugua, Sudi mchana. Majoka anapigiwa makofi zaidi. Ila Sudi, yule mchongaji anayekataa kuchonga anachoagizwa na wakubwa, ndiye aliyenikaa kichwani hata kwenye matatu ya kurudi nyumbani.

Nikaanza kuchonga changu. Ni onyesho la dakika ishirini: mimi, leso moja, karai la maji. Naliimba bembelezi polepole sana, kwa Kipokomo, na mnyama yumo. Mwaka 2012 mapigano kati ya Wapokomo na Waorma yaliua watu zaidi ya mia moja katika Delta ya Tana, hivyo nilikaa muda mrefu na swali la mnyama huyu ni nani. Wangu hana ng'ombe wala jembe. Simpi lafudhi ya mtu yeyote. Anatoka majini na anarudi majini.

Jijini Nairobi, kufika ule mstari ambao kila mtu anaujua, watazamaji hawajui wafanye nini. Mmoja anasimama, anaangalia huku na huku, anakaa. Wengine wanasimama nusu, magoti yamekunjika. Kimya chao ndicho nilichokuwa natafuta. Hewani ilikuwa tofauti kabisa. Nilicheza chini ya mwembe, na hakuna aliyesimama. Akina mama walicheka, kisha mmoja akaniambia, "Mwanangu, huyo mnyama wako ana adabu sana. Mtoto gani atanyamaza?" Tukakaa akinifundisha kunguruma mpaka magharibi.

Mtu anayejitungia mchezo wake Kenya anajua pia nani wengine walijaribu. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamiriithu, Limuru, wakulima na vibarua, walijenga jukwaa la wazi kwa mikono yao wakaigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, nao wakausahihisha palipowahusu. Wiki chache tu, serikali ikafuta kibali. Ngũgĩ wa Thiong'o akazuiliwa karibu mwaka mzima bila kesi. Mwaka 1982 jukwaa likabomolewa. Kumbuka, waliigiza kwa Kikuyu, lugha ambayo akina mama wa pale walikuwa wakiitumia kubembeleza watoto.

Halafu ikaja tarehe 10 Aprili 2025. Wasichana wa Butere walikuwa Nakuru na mchezo wao, Echoes of War, kwenye tamasha lilelile lililoanza 1959. Mahakama Kuu ilikuwa imeagiza waruhusiwe kuigiza. Mwandishi wao, Cleophas Malala, alizuiwa na polisi asiwafikie. Nje vitoa machozi vilirushwa. Wasichana wakaingia jukwaani, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka bila kuigiza.

Niliitazama video hiyo kwenye simu mara nyingi kuliko inavyofaa. Watoto wa shule, wamenyimwa mchezo wao, na kitu pekee walichobaki nacho mdomoni ni muziki wa mama wa Tana anayemwambia mtoto anyamaze, mnyama yuko karibu.

Tangu hapo nimebadilisha sehemu moja ya onyesho langu. Sikamilishi bembelezi. Nafika katikati, naliacha karai linatikisika, natoka. Hewani hawajaliona hivi bado. Disemba, shule zikifungwa, nitalipeleka, na yule mama wa mngurumo nimeshamwambia akae mbele.