Redio ya Wageni katika Vilima vya Buha

Mwaka 1925, katika mji wa Nashville huko Marekani, kampuni moja ya bima iliyokuwa ikisaka wateja ilifungua kituo cha redio kiitwacho WSM, na kabla ya mwaka huo kwisha wakulima wa jimbo lile walikuwa wakiletewa fidla zao na nyimbo zao wenyewe usiku wa Jumamosi. Hesabu ya matajiri wale ilikuwa na akili, maana mtu asikiapo sauti ya kwao hukaa kitako kusikiliza, na akiisha kukaa huuziwa. Jim Reeves, ambaye santuri zake zilipigwa hata Afrika Mashariki, alikuwa mmoja wa walioimba katika jukwaa la kituo hicho.

Katika nchi ya Buha, yaani vilima vya Kasulu na Kibondo, tajiri wa namna hiyo hakuonekana kwa miaka mingi. Muha alikuwa na ardhi ya rutuba, maharage, mihogo na migomba, na mikono ambayo tangu zama za wakoloni ilikuwa ikiajiriwa kukata mkonge katika mashamba ya mbali. Lakini kwa hesabu ya mwenye kuuza sabuni na sigara, watu waliotawanyika vilimani, mbali na bandari kwa safari ya reli ya zaidi ya kilomita 1,200 na kisha njia ya vumbi, hawakutosha kulipia gharama ya mlingoti mmoja.

Sauti iliyofika huko ilikuwa ya serikali. Utangazaji ulianza Dar es Salaam mwaka 1951, ukawa shirika mwaka 1956, na mwaka 1965 ukapewa jina la Redio Tanzania Dar es Salaam. Ulisafiri kwa masafa mafupi, ukipanda na kushuka kama maneno ya mtu asemaye ng'ambo ya mto, na wenye redio walizianika betri zao juani mchana kutwa ili jioni wasiikose taarifa ya habari. Redio hiyo ilifanya kazi kubwa ya kuwaunganisha watu kwa Kiswahili, wala mimi si katika wanaoibeza. Walakini Kiha, lugha ya jikoni na ya kondeni, hakikupata nafasi ndani yake, kwa kuwa umoja wa taifa ulitakiwa uwe na ulimi mmoja. Redio ya Bujumbura, huko Burundi, ilisema Kirundi, lugha iliyo ndugu wa Kiha hata wasemaji wake wakaelewana, lakini hiyo ilikuwa sauti ya dola nyingine, yenye mambo yake na hofu zake.

Kisha ikaja misiba. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na halaiki ya watu ikavuka mpaka kuingia Ngara, Kibondo na Kasulu. Mwezi wa Aprili 1994, kwa muda wa kama siku moja tu, Wanyarwanda wapatao 250,000 walipita daraja la Rusumo hadi Benaco, huko Ngara. Katika msiba wa Rwanda, yaani mauaji ya kimbari waliyoyaacha nyuma yao, redio yenyewe ilikuwa na damu mikononi, kwani kituo cha RTLM kilikuwa kimewachochea majirani kuchinjana. Kwa hiyo haikuwa dhamira ndogo pale shirika la Wajesuiti la kuwahudumia wakimbizi lilipoanzisha mjini Ngara, mwaka 1995, kituo cha kuwasemesha watu hao hao kwa maneno ya amani. Kiliitwa Radio Kwizera, na maana ya neno hilo ni kuamini na kutumaini.

Mawimbi yake baadaye yalifikishwa Kibondo na Kasulu, zilikokuwa kambi za Mtendeli, Nduta, Kanembwa, Mtabila na Nyarugusu, hii ya mwisho ikiwa imefunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Kituo hakikuwa cha biashara, wala hakikumpimia msikilizaji thamani yake kwa sabuni atakayonunua. Kilisema Kiswahili, Kirundi, Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Lakini wimbi la redio halijui uzio wa kambi: lilipokwenda kumtafuta mkimbizi lilimkuta njiani mwenyeji, na bibi wa Kibondo ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu akawasikia watu wanaozungumza karibu sawasawa na alivyozungumza mama yake. Serikali yake haikumnyima jambo hilo kwa chuki, na waliompa hawakuwa wamemkusudia yeye.

Wanyarwanda walirudishwa kwao Desemba 1996. Kambi za Warundi nazo zikafungwa moja baada ya moja, hata Mtabila ikafungwa mwaka 2012, ikabaki Nyarugusu ya Wakongo. Kituo hakikufungwa pamoja nazo. Na mwaka 2015, Warundi walipokimbia tena na Nduta ikafunguliwa upya, kisha Mtendeli mwanzoni mwa 2016, waliikuta redio iliyowekwa kwa ajili ya wakimbizi wa jana ikisikilizwa katika nyumba za wenyeji.